Pasaka ya siku mbili: Nilivyopangia familia safari ya gari mashambani Italia

Wacha niseme ukweli mapema ndiyo tusidanganyane. Mimi sijawahi kukanyaga Ulaya. Ndege yenyewe nimepanda mara moja tu, kwenda Mombasa, tena kwa tikiti ya ofa. Lakini kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikifuatilia bei ya petroli ya Perugia kuliko ya hapa Umoja, na usiku nikilala naota magari yanakuja upande usiofaa.

Mambo yalianza Oktoba, Jumapili jioni. Mama alikuwa amenyoosha miguu sebuleni baada ya kutoka kwenye chama. Akazima runinga, kitu ambacho hufanya tu akiwa na habari mbaya ama pesa.

"Pasaka tunaenda kwa mama yako mdogo," akasema. "Mimi, wewe, dadako na mjomba wako. Wewe ndiye utapanga."

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akanijibu, "Si wewe ndiye hushinda kwa simu?"

Ukicheka, cheka. Lakini mimi nilijua uzito wa hayo maneno. Nilitoka chuo mwaka wa pili, Mama akiwa ameshalipia mihula minne kwa pesa za kuuza mitumba. Sikufukuzwa, wala sikuwa mgonjwa. Niliacha tu, nikaanza kuandika mtandaoni. Tangu siku hiyo Mama hajawahi kunipa pesa ya kushika inayozidi nauli. Sasa ananipa akiba ya chama ya miaka sita na kuniambia nimfikishe Italia.

Wengi wetu tunaijua Italia kupitia Malindi na Watamu, kule unaweza kumpata mzee wa Kiitaliano anabishana na mwendesha boda kwa Kiswahili safi. Mimi naijua kupitia mama mdogo. Alienda mwaka 2008 kwa viza ya matembezi, hakurudi. Kazi aliyoipata ni ile Waitaliano wanaiita badante, yaani mtu anayeishi na mzee nyumbani kwake, anampikia, anamwogesha, anampa dawa, analala chumba cha pili akisikiliza kama anakohoa. Leo anamtunza bibi wa miaka 91 katika kijiji kilicho karibu na Perugia, eneo la Umbria, katikati ya nchi.

Nyanya alipofariki mwaka 2016, wiki ya Pasaka, mama mdogo hakuwa na karatasi. Angetoka Italia, asingeruhusiwa kurudi. Akatuma pesa ya jeneza na mahema. Pale matangani mjomba akasema mbele ya watu kwamba pesa haibebi jeneza. Hilo neno lilivuka bahari kabla hata kaburi halijafunikwa, na tangu siku hiyo hao wawili hawajasemezana.

Mwaka 2020 serikali ya Italia ilifungua nafasi ya kuhalalisha wafanyakazi wa nyumbani, watunzaji wa wazee na vibarua wa mashambani waliokuwa wakifanya kazi bila karatasi. Mama mdogo akaingia hapo, akasubiri, akapata. Tukadhani atakuja. Hakuja. Kila mwaka kuna sababu. Mama anasema si nauli. Ni kwamba akija atapelekwa kaburini, na huko hana uso wa kwenda.

"Kama yeye hawezi kuja," Mama akasema ile Jumapili, "sisi tunaweza kwenda. Miaka kumi inatosha."

Ratiba ya kwanza ilikuwa aibu

Nilikaa usiku tatu na simu. Nikatoka na ratiba ambayo niliona ni moto: Roma, Firenze, Pisa, Venezia, Milano, turudi kusini hadi Napoli, kisha siku ya mwisho tupitie Umbria kumwona mama mdogo. Siku saba, miji saba. Nikaichapisha kwa saiba pale chini, kwa rangi, nikampelekea Mama.

Akaisoma polepole, kidole kikipita juu ya kila jina. Halafu akauliza swali moja tu: "Dadangu yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Jumatano, saa nane mchana, chini kabisa.

Akanirudishia karatasi bila kusema kitu. Msee, kimya cha mathe ni mtihani.

Usiku huo nikampigia mama mdogo nimuulize ratiba yake ya kazi, jambo ambalo ningefanya siku ya kwanza. Ndiyo nikajua kwamba Jumatano angekuwa kazini. Kwa mkataba wa kitaifa wa kazi za nyumbani kule Italia, mtu anayelala kwa mwajiri ana mapumziko ya saa 36 kwa wiki: saa 24 siku ya Jumapili, na saa 12 siku nyingine watakayokubaliana. Ana likizo ya mwaka pia, lakini yake huchukua Agosti, wakati binti ya yule bibi naye ana likizo na anaweza kukaa na mamake.

"Lakini Pasaka nitakuwa huru Jumapili," akaniambia, "na Jumatatu ni sikukuu, nayo nitapewa."

Siku mbili. Safari nzima, pesa zote hizo, viza, ndege, gari, ni kwa sababu ya siku mbili. Nikaichana ile karatasi ya rangi na kuanza upya. Nikaandika kwanza Jumapili Aprili 5 na Jumatatu Aprili 6, kisha nikapanga siku zingine kuzizunguka.

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye hii makala, ni hicho. Usianze na ramani. Anza na mtu unayemfuata na siku alizo nazo.

Viza: anza mapema, na uwe na moyo

Sasa twende kwa mambo ya karatasi. Italia iko ndani ya Schengen, kwa hivyo viza ya matembezi inakupa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na nusu ya hiyo kwa mtoto wa kati ya miaka 6 na 12. Dadangu amefika miaka 14, kwa hivyo yeye ni mtu mzima wa kulipa. Sisi wanne: euro 360, kabla ya ada ya kile kituo kinachopokea maombi. Na pesa hiyo hairudi hata ukinyimwa.

Unahitaji bima ya safari inayofika angalau euro 30,000 kwa matibabu na dharura. Unahitaji nafasi ya ndege, mahali pa kulala, na taarifa ya benki. Hapa ndipo nilipotoka jasho. Mama ana leseni ya biashara na daftari la chama. Mjomba ana gari lake la kubeba mizigo. Dada ana barua ya shule. Mimi nina nini? Fomu inauliza mwajiri wako ni nani. Mwajiri wangu ni hii simu.

Nikaandika ukweli. Nikaambatanisha risiti za makala nilizolipwa, miezi sita ya M-Pesa, na barua ya kueleza kazi ninayofanya. Kijana wa miaka 24, bila mke, bila karo, bila barua ya ofisi. Ningekuwa mimi ndiye ninapiga mihuri, hata mimi ningejiangalia mara mbili.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui. Mama mdogo anaishi kwa mwajiri wake, kwa hivyo hawezi kutukaribisha kulala. Na hata angekuwa na nyumba, mtu anayelaza mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwaarifu polisi ndani ya saa 48. Hiyo ndiyo ilitusukuma mashambani, na sasa nashukuru.

Kwa nini shamba na si hoteli

Waitaliano wana kitu kinaitwa agriturismo. Ni mkulima anayepokea wageni shambani kwake. Si hoteli iliyopakwa rangi ya shamba, maana sheria yao, ya kwanza ya kitaifa ikiwa ya mwaka 1985, inataka ukulima ubaki kuwa kazi kuu. Kwa hivyo unalala kwa mtu mwenye mizeituni yake, zabibu, pengine kondoo, na unakula kilichotoka hapo.

Kwa familia ya watu wanne, unapata nyumba yenye jikoni. Mama alipoona picha ya jiko akatulia mara ya kwanza tangu Oktoba. Alikuwa akiwaza atakula nini siku saba. Nikamwambia atapika. Akasema, "Hapo sasa umeongea."

Tulichagua shamba moja karibu na ziwa Trasimeno, mwendo mfupi kutoka Perugia. Usiku nne mahali pamoja. Hakuna kufunga na kufungua mabegi kila asubuhi. Niliweka nafasi inayoweza kufutwa bila hasara mpaka viza itoke, na wewe fanya hivyo. Kumbuka pia miji mingi hutoza ushuru mdogo wa wageni, kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi unaulipa ukiwa pale, juu ya bei uliyoiona mtandaoni.

Mjomba na upande wa kulia

Dereva wa pekee katika familia yetu ni mjomba. Miaka kumi na moja aliendesha matatu ya Rongai, kisha akanunua pikapu. Nilipomwendea, hakuuliza kuhusu Italia. Aliuliza, "Na huyo atakuwa kwa gari?"

Nikamwambia ni siku mbili tu.

Akasema, "Mimi nitaendesha. Kuongea hamjanilipa." Kisha akaongeza, "Tafuta gari dogo la watu wanne. Tuko wanne."

Nilitaka kumwambia Jumapili tutakuwa watano. Nikanyamaza. Nikaweka nafasi ya kigari kidogo cha viti vinne, nikajiambia mbele ya safari tutajua.

Haya, ukodishaji wa gari. Leseni ya Kenya pekee haitoshi kule. Unaenda nayo pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hapa hutolewa na AA Kenya. Kampuni nyingi hutoza zaidi dereva akiwa chini ya miaka 25. Magari mengi ni ya gia za mkono, na ukitaka ya otomatiki weka nafasi mapema na ujue ni ghali zaidi. Lakini kizingiti kikubwa ni kadi. Wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, wazuie kiasi fulani kama dhamana. Mjomba maisha yake yote ni pesa mkononi na M-Pesa. Ilibidi aweke akiba benki kama dhamana ndiyo wampe kadi. Ilichukua wiki kadhaa, kwa hivyo usisubiri dakika ya mwisho.

Kisha nikaanza kumfundisha mjomba barabara za Italia kupitia video, yeye amekaa kwenye kochi ameshika sufuria kama usukani. Nisiseme uongo, zilikuwa jioni tamu. Haya ndiyo tuliyoyaandika:

Unaendesha kulia, na usukani uko kushoto. Kwenye mzunguko unazunguka kinyume cha saa, na kwa kawaida anayeingia humpisha aliye ndani. Mjomba akasema hiyo ya kupisha ndiyo itamshinda.

Kasi ni kilomita 130 kwa saa kwenye barabara kuu za kulipia, 110 kwenye barabara kubwa zisizo za kulipia, 90 kwenye barabara za kawaida za mashambani, na 50 mjini. Mjomba akaniuliza kamera ziko wapi. Nikamweleza kuna mfumo wanaouita Tutor: kamera inakupiga picha hapa, nyingine inakupiga mbele huko, kisha wanapiga hesabu ya kasi yako ya wastani. Hakuna kufunga breki mbele ya kamera halafu kufungulia. Akatikisa kichwa: "Hao watu walikutana na dereva wa Rongai."

Nje ya mji unawasha taa hata mchana. Kwenye barabara nyingi za kulipia unachukua tiketi ukiingia na kulipa ukitoka, kama Expressway yetu. Njia ya rangi ya manjano ya Telepass ni ya wenye kifaa chao, usiingie hapo. Njia ya pesa taslimu ina alama nyeupe, ya kadi ina ya samawati.

Kwenye kituo cha mafuta, benzina ni petroli na gasolio ni dizeli. Ukijiwekea mwenyewe ni nafuu kuliko ukihudumiwa.

Na la mwisho, tena liandike kwa wino mwekundu: ZTL. Hizo ni sehemu za katikati ya miji ya kale ambako magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi saa fulani. Hakuna polisi wa kubembeleza wala kizuizi. Kuna kamera tu, na faini inakufuata nyumbani kupitia kampuni ya gari miezi baadaye. Dawa ni kuegesha nje ya kuta za mji na kutembea. Perugia imerahisisha: unaacha gari chini, Pian di Massiano, unapanda kitreni kidogo cha Minimetrò hadi juu kilimani.

Jioni moja, tukiwa kwa hayo masomo, mjomba akakumbuka lile kanisa dogo la Mai Mahiu, chini ya mteremko, ambalo amelipita maelfu ya mara. Lilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza ile barabara.

"Wao walikuja kwetu bila viza," akasema, tukacheka. Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini nao walikuwa na mama zao kwao. Kuna wale hawakuzika."

Sikujibu. Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayaharibu.

Ratiba iliyobaki

Hii sasa ndiyo ratiba iliyokubalika nyumbani, na unaweza kuiiba.

Alhamisi Kuu, Aprili 2. Tunatua Fiumicino asubuhi kupitia Addis Ababa. Mpakani jiandae kwa vidole na picha, maana tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kusajili wageni kwa mfumo wa kielektroniki badala ya kupiga mhuri. Kisha tunachukua gari na hatuingii Roma. Mtu aliyeshuka ndege usiku kucha, anayeendesha upande mgeni, hana biashara Roma. Tunapanda A1, ile barabara ya Milano hadi Napoli iliyokamilika mwaka 1964, hadi Orvieto.

Orvieto ni mji uliokaa juu ya jabali. Nimeuchagua kwa sababu ya kisima. Mwaka 1527 Papa Clement VII alikimbilia huko Roma ilipovamiwa, akaamuru kichimbwe kisima kusudi mji usikose maji ukizingirwa. Kina zaidi ya mita 50 kwenda chini, na ngazi mbili zinazojizungusha bila kukutana, kila moja na vidato 248. Punda waliteremkia moja na kupandia nyingine. Mama, aliyekua akiteka maji mtoni, amesema hicho lazima akione, na kwamba hao wahandisi wangekuwa kijijini kwao angesoma hadi chuo.

Ijumaa Kuu, Aprili 3. Hapa Waitaliano watakushangaza: Ijumaa Kuu si sikukuu ya taifa kwao. Maduka na benki hufunguliwa kama kawaida. Tunahamia shambani, tunapumzika, na jioni tunaenda Gubbio, kama kilomita 40 kutoka Perugia, kwa maandamano ya Kristo aliyekufa. Wanaume waliovaa kanzu na kofia za kufunika uso hubeba sanamu katika vichochoro vya mawe huku kwaya zikiimba polepole. Mama ataipenda. Dadangu ataogopa, kisha atapiga picha.

Jumamosi, Aprili 4. Ni siku ya soko. Nunua kila kitu leo, maana Jumapili na Jumatatu maduka mengi hufungwa, na hata siku za kawaida maduka ya miji midogo hufunga mchana watu wakale.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 5. Saa mbili asubuhi tunamchukua mama mdogo. Umbria wana kifungua kinywa cha Pasaka ambacho si cha mchezo: mkate mrefu wa jibini, mayai ya kuchemsha, nyama za kukausha. Mchana ni mwanakondoo, na mwisho ni colomba, keki yenye umbo la njiwa. Waitaliano wana msemo kwamba Krismasi ni ya kula na watu wako, lakini Pasaka unakula na unayemtaka. Mama mdogo aliponiambia huo msemo alicheka, kisha akasema Pasaka kumi na saba amekula na watu wa watu.

Jumatatu, Aprili 6. Hiyo wanaiita Pasquetta, na Italia nzima hutoka kwenda kula nje, nyikani, ziwani, kando ya barabara. Kwa hivyo barabara hujaa. Mjomba alitaka kwenda mbali, nikakataa. Tutakaa palepale ziwani. Trasimeno ni ziwa la nne kwa ukubwa Italia, kilomita mraba 128, na kuna feri ya kwenda Isola Maggiore, kisiwa chenye kijiji kimoja cha wavuvi. Dadangu anataka kuona ufuo ambako mwaka 217 KK Hannibal wa Carthage, kutoka Afrika Kaskazini, alilivizia jeshi la Roma kwenye ukungu na kulimaliza. Amesema atapiga picha akiwa amesimama kama yeye. Jioni tunamrudisha mama mdogo kazini.

Jumanne, Aprili 7. Tunapita Val d'Orcia, upande wa Toscana, ile mandhari ya vilima na misonobari mirefu myembamba ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Nilipanga siku hii iwe na barabara ndefu na maneno machache, kwa sababu najua ndani ya gari watu watakuwa wakiangalia nje. Tunalala karibu na uwanja wa ndege, na Jumatano tunarudi.

Beba jaketi, Aprili mashambani asubuhi ni baridi. Usibebe nyama wala maziwa kutoka huku, hairuhusiwi kuingiza Umoja wa Ulaya, na Mama nimemtolea mfuko wa nyama kavu mara mbili kwenye begi. Alichoachiwa ni majani ya chai, unga kidogo, na leso moja ya Nyanya. Zilipogawanywa nguo baada ya mazishi, hiyo iliwekwa kando kwa aliyekuwa mbali. Imekaa kabatini miaka kumi.

Viti vitano

Ninapoandika hii, pasipoti zetu nne bado ziko kule, majibu hatujapata. Wa kawaida husubiri siku 15, lakini inaweza kufika 45. Mama hataki tuizungumzie. Kuna uwezekano watatu wakapata na mimi nikakosa. Nimelikubali hilo. Nimeandika kila kitu kwenye daftari, barabara kwa barabara, kwa herufi kubwa, ili mjomba na dadangu waweze kwenda bila mimi. Kurasa 31. Juzi Mama alilichukua, akalipitia kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa amevaa miwani. Kisha akasema, "Hii umemaliza." Ni hayo tu. Lakini mwenye kujua nilichoacha bila kumaliza ataelewa kwa nini nilitoka nje kidogo.

Jana usiku saa nne mjomba akanipigia. Nilidhani ni habari za viza.

"Lile gari ulichukua," akasema, "ni la viti vingapi?"

"Vinne, mjomba. Si ulisema la watu wanne?"

Akanyamaza. Nikasikia mbwa wa jirani yake anabweka.

"Libadilishe," akasema. "Chukua la watu watano, lenye nafasi. Na huyo akae mbele na mimi. Akikaa nyuma hutapika. Tangu akiwa mdogo."

Akakata simu. Gari nimeshabadilisha. Limeongeza gharama kidogo, na Mama hajauliza kwa nini.